"Niko Fiti": Kufuli la Pombe na Swali la Nani Aamue

Ukikaa karibu na mlango wa baa usiku wa Jumamosi, utasikia maneno mawili yakirudiwa na watu walioshika funguo za gari: "Niko fiti." Rafiki anamshika mwenzake bega, "Kaka, liache gari hapa, utalifuata kesho," naye anajibu huku anatafuta mlango wa gari: niko fiti. Mtu huyu hadanganyi. Anaamini anachosema. Pombe ikiingia mwilini haianzi na miguu. Huanza na ile sehemu ya akili ambayo mtu huitumia kujipima. Kabla hajaanza kuyumba, hakimu aliyemtegemea kichwani mwake amekwisha kulewa.

Hapo ndipo penye ugumu wa vita dhidi ya ulevi barabarani. Bango linalosema "Ukinywa usiendeshe" linasomwa na mtu mwenye akili timamu, lakini linatakiwa kutiiwa na mtu aliyelewa. Faini na kifungo huja baada ya tukio. Kumnyang'anya mtu leseni ni kumchukulia kadi, na gari halijui kusoma kadi: makadirio ya Marekani yanaonyesha kwamba kati ya nusu na robo tatu ya waliofungiwa leseni kwa ulevi huendelea kuendesha. Njia zote hizi zinamwachia mlevi uamuzi wa mwisho.

Ipo njia nyingine, iliyojaribiwa kwa miongo kadhaa Marekani, Kanada, Australia na Ulaya: kuufunga mtambo wa kuwasha gari mpaka dereva apulize pumzi isiyo na pombe. Wasweden hukiita kifaa hicho kwa neno lenye maana ya kufuli la pombe, na ndilo jina nitakalotumia. Ninaloshikilia katika uchambuzi huu ni kwamba kufuli hili linafanya kazi, na linafanya kazi kwa sababu linamwondolea mlevi uamuzi. Lakini linamwazima tu akili kwa muda. Thamani yake inategemea nani amelifunga, nani analikagua, na muda huo wa kuazimwa umetumikaje.

Pumzi, platinamu na sekunde chache

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinashikika mkononi kama simu ya zamani, na kimeungwa kwa waya na mfumo wa kuwasha gari. Dereva anaingia, anageuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, anasubiri kifaa kijiandae, kisha anapuliza kwa nguvu moja isiyokatika. Ndani yake mna seli ya kemikali yenye bamba za platinamu. Kilevi kilichomo kwenye pumzi kikigusa platinamu hubadilika kuwa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na mabadiliko hayo huzalisha umeme mdogo. Kilevi kikiwa kingi, umeme nao huwa mwingi. Kifaa kinaupima na kuamua.

Pumzi husema ukweli juu ya damu kwa sababu hewa ya ndani kabisa ya mapafu imepakana na damu. Kwa hesabu inayotumika sana, lita 2.1 za pumzi hiyo hubeba kilevi sawa na kilichomo katika mililita 1 ya damu. Ndiyo maana dereva anatakiwa kupuliza kwa muda, si kutoa pumzi ya mdomoni tu. Na ndiyo maana aliyetoka kusukutua kwa dawa ya kinywa yenye spiriti anashauriwa kusuuza mdomo kwa maji na kusubiri dakika 15. Dawa ile iko mdomoni tu, itapita; bia ya jana iko kwenye damu, haisuuziki.

Kiwango cha kuzuia huwekwa chini sana, kwa kawaida karibu na gramu 0.02 kwa kila mililita 100 za damu, ilhali kosa la kulewa katika majimbo mengi ya Marekani huanzia 0.08. Dereva akishindwa, gari haliwaki naye hulazimika kusubiri dakika chache. Akishindwa tena, husubiri zaidi. Akishinda, gari linawaka, lakini mambo hayajaisha. Baada ya mwendo mfupi kifaa kinalia na kumtaka apulize tena, kisha hurudia kwa nyakati asizoweza kuzikisia. Kipimo hicho cha njiani kinamzuia mtu kumwomba rafiki amwashie gari kisha aondoke nalo amelewa, au kuliacha likinguruma nje ya baa. Akishindwa njiani injini haizimwi ghafla, maana kuzima gari kwenye mwendo ni kuleta ajali nyingine. Honi hulia, taa huwakawaka, na tukio huandikwa kwenye kumbukumbu ya kifaa pamoja na saa na kipimo.

Kumbukumbu hiyo imefichua jambo ambalo wengi hatulifikirii: vipimo vingi vya kushindwa hutokea asubuhi. Chukua mtu aliyeacha kunywa saa saba usiku akiwa na gramu 0.15. Mwili hupunguza kama gramu 0.015 kwa saa, na hauharakishwi na kahawa, supu wala maji ya baridi. Saa moja asubuhi, ameoga, amepiga pasi shati, yuko tayari kwenda kazini, bado ana karibu 0.06. Hapepesuki, hanuki sana, na moyoni yuko fiti kwelikweli. Kifaa kinakataa. Kwa wengi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa ukweli huo na kitu kisichobishana.

New Mexico: jimbo lililochoka kuzika

Wazo ni la zamani. Mwaka 1969 kampuni ya Borg-Warner ilitengeneza kifaa cha awali, na katika miaka ya 1970 vilijaribiwa vifaa vilivyopima wepesi badala ya pumzi, kwa mfano kumtaka dereva abonyeze tarakimu alizoonyeshwa. Havikufaa, kwa sababu mlevi hodari alishinda na mzima mwenye uchovu akashindwa. Mwaka 1986 California ilipitisha sheria ya majaribio ya kufuli la pumzi katika kaunti nne, na majimbo mengine yakafuata. Lakini kwa miaka mingi kufuli lilikuwa adhabu ya walioshindikana, wale waliokamatwa mara ya tatu au ya nne, na mara nyingi lilitegemea huruma ya hakimu.

Jimbo lililogeuza mambo ni New Mexico. Hili ni jimbo la barabara ndefu na miji iliyotawanyika, ambako hadi mwaka 1998 mtu aliruhusiwa kununua pombe dirishani bila kushuka kwenye gari. Usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1992, katika barabara kuu ya I-40 magharibi mwa Albuquerque, dereva mlevi aliyekuwa akienda upande usio wake aligongana uso kwa uso na gari la familia. Mama na binti zake watatu walikufa. Baba akabaki na majeraha na nyumba tupu. Jimbo zima lilitikisika. Sheria zikaanza kukazwa, na mwaka 2005 New Mexico ikawa ya kwanza nchini humo kumlazimisha kila anayetiwa hatiani kwa kuendesha amelewa, hata kama ni kosa la kwanza, afungiwe kufuli kwenye gari lake: mwaka mmoja kwa kosa la kwanza, miwili kwa la pili, mitatu kwa la tatu, na maisha kwa la nne, akiwa na nafasi ya kuomba lipitiwe upya kila baada ya miaka mitano.

Neno zito hapo ni "la kwanza". Wapo waliosema ni ukali wa kupindukia kumwekea mtu kifaa kwa kuteleza mara moja. Lakini makadirio yaliyotumiwa na kituo cha taifa cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani yanasema mtu huwa ameendesha akiwa amelewa mara 80 hivi kabla ya kukamatwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kosa la kwanza mahakamani si la kwanza barabarani.

Je, linazuia kweli?

Jibu la kwanza ni ndiyo, na ushahidi wake ni mzito. Wataalamu walipokusanya tafiti 15 juu ya waliofungiwa kufuli, walikuta kwamba muda wote kufuli likiwemo garini, kukamatwa tena kwa ulevi hupungua kwa karibu asilimia 67, wakilinganishwa na wenzao waliofungiwa leseni tu. Si rahisi kupata hatua nyingine ya usalama barabarani yenye tofauti kubwa kiasi hicho kwa kundi lilelile la watu.

Swali zito zaidi ni kama jamii nzima inanufaika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Kaufman na Wiebe wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ulilinganisha majimbo yaliyolazimisha kufuli kwa kila mkosaji na yale yasiyolazimisha. Waliona vifo vya ajali zinazohusiana na pombe vikipungua kwa asilimia 15, na wakakadiria kwamba kati ya mwaka 2007 na 2013 maisha ya watu 915 yaliokolewa. Watu 915 ni abiria wa mabasi 15 yaliyojaa.

Ni haki kusema pia kwamba kufuli halikufanya kazi peke yake. New Mexico iliweka vizuizi vya polisi barabarani, ikaendesha kampeni za redio na televisheni, na ikabana uuzaji wa pombe. Anayedai kwamba kifaa kimoja kilifanya yote anatia chumvi. Anayedai hakikufanya kitu anakanusha hesabu.

Mwenye kovu usidhani kapoa

Sasa tuje kwenye udhaifu mkubwa. Tafiti hizohizo zinaonyesha kwamba kufuli likiondolewa, wengi hurudi kwenye mwenendo wao wa zamani, na baada ya muda makosa yao hulingana na ya wale ambao hawakuwahi kufungiwa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kufuli lilizuia gari. Kiu ilibaki pale pale, ikisubiri siku fundi atakapokata waya.

Wapo wanaoutumia ukweli huu kusema kifaa ni bure. Mimi naona unasema jambo tofauti. Mtu aliyevunjika mguu hutembea vizuri na gongo na huanguka akinyang'anywa mapema, na hakuna anayelaumu gongo kwa hilo. Tunachopaswa kuuliza ni kama mguu ulikuwa ukitibiwa wakati gongo lilipokuwepo.

Na hapa kumbukumbu ya kifaa inageuka kuwa hazina. Watafiti wa Marekani waligundua kwamba anayeshindwa vipimo mara nyingi wakati kufuli limo ndiye atakayerudia kosa likitolewa. Kila kipimo cha asubuhi kilichoshindwa ni dalili inayoweza kusomwa na daktari au mshauri. Jimbo la Florida lilichukua hatua hiyo: wanaorudia kushindwa hulazimika kuingia kwenye matibabu ya ulevi huku kufuli likiendelea kuwepo. Utafiti uliowafuatilia ulikuta kwamba baada ya kufuli kuondolewa, makosa yao yalikuwa pungufu kwa asilimia 32 wakilinganishwa na wasiopewa matibabu.

Uswidi ilianza na tiba tangu mwanzo. Majaribio yao ya mwaka 1999 yalidumu miaka miwili kwa kila mshiriki, yakiambatana na uchunguzi wa daktari na vipimo vya damu vinavyoonyesha kama mtu ameendelea kunywa sana. Waliomaliza walikuwa wamepunguza unywaji wenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa ilikuwa hiari, ni karibu asilimia 12 tu ya waliostahili waliokubali kujiunga. Mtu akipewa nafasi ya kuchagua kati ya kufungiwa leseni, adhabu anayoweza kuikwepa, na kufuli, ambalo halikwepeki kirahisi, wengi huchagua ile ya kwanza. Tiba bila lazima iliwafikia wachache, na lazima bila tiba haidumu.

Wajanja, maskini na mahakama

Kila kufuli lina wajanja wake. Wapo waliomwomba mtoto apulize, waliotumia puto, waliosajili gari kwa jina la ndugu. Watengenezaji wakajibu kwa kamera inayopiga picha ya anayepuliza, na kwa mitindo ya kupuliza inayohitaji kujifunza, kama kupuliza huku unaguna. Ujanja mwingine hauna jibu la kiufundi: kuendesha gari la mtu mwingine, au kukaa tu bila kufunga kifaa. Majimbo kadhaa yamekuta kwamba sehemu kubwa ya walioamriwa hawakufunga kabisa, kwa sababu hakuna aliyewafuata. Hukumu isiyokaguliwa ni barua tu.

Pili ni fedha. Mkosaji mwenyewe ndiye hulipia: ufungaji, kisha ada ya kila mwezi ambayo Marekani huwa kati ya dola 60 na 90. Kwa mwenye mshahara mnono ni usumbufu; kwa kibarua ni kuchagua kati ya kufuli na kodi ya nyumba. Sheria ikiishia hapo, tajiri anarudi barabarani na maskini anapoteza kazi, au anaendesha kwa kujificha. New Mexico ililiona hilo na kuanzisha mfuko wa kuwachangia wasiojiweza. Wapo pia wazee na wenye pumu ambao mapafu yao hayafikishi pumzi inayotakiwa. Mpango wa haki huwapa nafasi ya kipimo kilicholegezwa kwa cheti cha daktari.

Tatu ni sheria yenyewe. Uholanzi ilianzisha mpango wake Desemba 2011, ukiendeshwa na mamlaka ya leseni badala ya mahakama. Aliyeingizwa alibaki na leseni ya gari dogo tu, kwa gharama ya maelfu ya yuro. Dereva wa lori aliyekamatwa na gari lake binafsi alipoteza mkate wake, wakati karani mwenye kosa lilelile aliendelea na kazi, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kupima hali ya kila mmoja. Machi 2015 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumshitaki mtu ambaye tayari amewekewa mpango huo ni kumwadhibu mara mbili, na Baraza la Nchi likaona kanuni zake haziwezi kusimama. Mpango ukafa. Kifaa hakikuwa na hitilafu yoyote. Aliyekosea ni mtunga kanuni.

Vipi kuhusu ambao hawajakamatwa?

Hata mpango uliokamilika una mpaka. Madereva wengi walevi waliosababisha vifo hawakuwa na hatia ya ulevi katika miaka ya karibuni kabla ya ajali. Kufuli la waliohukumiwa halimgusi mtu ambaye ajali yake ya kwanza ndiyo inayoua.

Mataifa yamejibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuanza na wanaobeba roho za wengine. Finland ililazimisha kufuli kwenye magari yanayosafirisha wanafunzi tangu Agosti 2011, na Ufaransa kwenye mabasi yote ya safari tangu Septemba 2015. Hapa hakuna mkosaji wala aibu. Kufuli ni sehemu ya basi kama breki. Ya pili ni kuliweka katika kila gari jipya, kwa vihisio vinavyopima hewa ya karibu na dereva au ngozi ya kidole bila yeye kupuliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walikadiria mwaka 2015 kwamba kufuli katika kila gari jipya lingezuia asilimia 85 ya vifo vya ulevi barabarani Marekani katika miaka 15, yaani maisha zaidi ya 59,000. Novemba 2021 Bunge la Marekani liliagiza kanuni ya teknolojia hiyo iandikwe ndani ya miaka mitatu. Muda huo ulipita bila kanuni kukamilika, katika nchi ambako ulevi barabarani uliua watu 13,384 mwaka 2021 pekee.

Kwetu

Afrika Mashariki tunakijua kipima pumzi kuliko kufuli. Kenya ilileta kipima pumzi chake, alkoblo, mwishoni mwa mwaka 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikabatilisha kanuni zake kwa kuwa zilipishana na sheria mama ya trafiki. Uganda ina operesheni yake maarufu ya kuwapima madereva, Kawunyemu. Tuna pia kumbukumbu ya kifaa cha lazima: vidhibiti mwendo vya matatu vilivyoletwa na kanuni za Waziri John Michuki wa Kenya, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Mwanzoni nidhamu ilionekana. Baadaye ukaguzi ulipolegea, mafundi wa pembeni wakajua kuvichezea, na mwendo ukarudi.

Alkoblo na vidhibiti mwendo vinafundisha kilekile kilichoonekana Uholanzi na katika majimbo ya Marekani: kanuni isiyotungwa vizuri huanguka mahakamani, na kifaa kisichokaguliwa huanguka barabarani. Pikipiki nazo, ambazo hubeba abiria wengi mno kwetu, hazijatengenezewa njia rahisi ya kufungwa kufuli hili, kwa hiyo bodaboda itahitaji dawa nyingine. Lakini kwa mabasi ya mikoani mlango uko wazi. Tanzania tayari ina mfumo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, wa kufuatilia mabasi kwa satelaiti, ambapo dereva hutakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake. Basi linalokubali kuulizwa "nani anaendesha na kwa mwendo gani" linaweza kuulizwa pia "yuko katika hali gani".

Fikiria stendi alfajiri. Trafiki anapanda, anamnyooshea dereva kipima ulevi mbele ya abiria, dereva anapuliza, kinasoma sifuri, watu wanatulia. Saa saba mchana basi linasimama kwenye mgahawa wa njiani. Abiria wanashuka kula wali na kuku. Dereva anapotelea nyuma ya jiko kwa nusu saa, kisha anarudi akijifuta mdomo. Trafiki wa asubuhi yuko kilomita 300 nyuma. Kondakta ni mdogo wake kazini, hawezi kumuuliza mkubwa wake amekunywa nini. Mama mwenye mtoto mgongoni anapanda na kukaa kiti chake bila kujua. Kati ya watu wote 60 hapo, mmoja tu ndiye anayeamua kama basi liondoke, naye ndiye asiyeweza tena kujipima.

Tunapenda kusema ajali haina kinga. Zipo zisizo na kinga. Hii ya kwenye mgahawa inayo: kifaa kidogo pembeni ya usukani kinachomtaka dereva apulize kabla injini haijanguruma tena, kilichonunuliwa na mwenye basi, kikakaguliwa na mamlaka, kikasimama juu ya sheria iliyotungwa vizuri. Dereva akisema yuko fiti, tutakuwa na njia ya kumwamini.